Kupunguza Joto na Kelele za Kadi ya Michoro Unapocheza Gemu

Kompyuta inapoanza kuvuma dakika chache tu baada ya gemu kufunguliwa, wengi huilaumu feni, kisha hutafuta programu ya kuishusha kasi. Feni hunyamaza kwa muda, joto hupanda, na hatimaye kadi yenyewe hupunguza kasi ya chipu ili isidhurike, gemu ikaanza kukwamakwama. Feni haikuwa na kosa. Kazi yake ni kuondoa joto ambalo limekwisha kuzalishwa, na joto hilo lote limetokana na umeme ulioingia kwenye kadi. Kadi ya RTX 3060 ya kampuni ya NVIDIA, ambayo nitaitumia kama mfano katika mwongozo huu kwa kuwa bado ni kadi inayofaa sana kwa mchezaji wa kipato cha kawaida, imepangiwa kutumia wati 170. RTX 3080 imepangiwa wati 320, na RTX 4090 wati 450. Karibu kila wati moja kati ya hizo huishia kuwa joto ndani ya chumba chako. Ndiyo maana ninasisitiza utaratibu ufuatao: anza na umeme, kisha njia ya hewa, na mkunjo wa feni, yaani mstari unaoamua kasi ya feni kwa kila kiwango cha joto, uupange mwishoni, wakati umekwisha kujua kadi inazalisha joto kiasi gani.

Utaratibu huo una uzito zaidi kwa wanaoishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja. Vipimo vya joto vinavyochapishwa na wakaguzi wa kadi hufanywa katika vyumba vyenye nyuzi 20 hadi 25, ilhali chumba kisicho na kiyoyozi mjini Dar es Salaam hufika nyuzi 31 au 32 alasiri ya Februari. Kila uzi mmoja unaoongezeka chumbani huongeza takribani uzi mmoja kwenye kadi, kwa hiyo kadi iliyopimwa nyuzi 68 ughaibuni inaweza kusoma nyuzi 77 au 78 kwako bila kuwa na hitilafu yoyote. Hakuna feni inayoweza kuishusha kadi chini ya joto la hewa inayoizunguka, na kadiri hewa hiyo inavyokuwa ya moto ndivyo feni inavyolazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kupata matokeo yale yale. Mkazi wa Arusha au Nairobi ana nafasi ya kupumua ambayo mtu wa pwani hana.

Pima kabla ya kurekebisha

Programu tatu za bure zinatosha: GPU-Z, HWiNFO na MSI Afterburner. Hii ya mwisho, licha ya kubeba jina la kampuni moja, hufanya kazi na kadi za watengenezaji wengi, na ndiyo tutakayoitumia pia katika marekebisho. Fungua gemu unayoicheza kweli, si programu ya kuitesa kadi, na uicheze kwa nusu saa nzima. Dakika tano hazitoshi, kwa sababu vyuma vya kupoza joto na hewa iliyomo ndani ya kasha la kompyuta huchukua muda kufikia hali ya utulivu. Kisha andika mahali fulani joto la chipu, joto la sehemu yake iliyo moto kuliko zote, joto la kumbukumbu ikiwa kadi yako inalionyesha, wati zinazotumika, kasi ya feni kwa mizunguko ya dakika, fremu kwa sekunde (idadi ya picha ambazo kadi hutengeneza kila sekunde), na joto la chumba. Bila kipimo hicho cha mwisho, huwezi kulinganisha matokeo ya usiku na ya mchana.

Kuhusu viwango, kadi za mfululizo wa RTX 30 kwa kawaida hulenga kutopita nyuzi 83, na kikomo cha juu cha RTX 3060 ni nyuzi 93. Kampuni ya AMD, mshindani wa NVIDIA, hutumia zaidi kipimo cha sehemu iliyo moto kuliko zote, na tangu kadi za RX 5700 za mwaka 2019 imesema kuwa nyuzi 110 katika sehemu hiyo bado zimo ndani ya kiwango kilichokusudiwa. Usishtuke, basi, unapoona vipimo viwili vinavyotofautiana kwa nyuzi 10 hadi 15 kwenye kadi moja; hiyo ni hali ya kawaida. Kwa maoni yangu, kadi inayokaa kati ya nyuzi 65 na 78 katika chumba cha pwani iko salama na haihitaji kukimbizwa na feni. Ikivuka 83 mara kwa mara, au kumbukumbu za GDDR6X kwenye kadi kama RTX 3080 zikipita 100, kuna kazi ya kufanya.

Punguza umeme kabla ya kugusa feni

Hatua ya kwanza haigharimu chochote, nayo ni kuweka kikomo cha fremu. Ikiwa skrini yako huonyesha picha 60 kwa sekunde na kadi inatengeneza 140, basi zaidi ya nusu ya kazi hiyo hailiongezei jicho picha kamili hata moja, lakini kila fremu imelipiwa kwa umeme, joto na kelele. Draiva za NVIDIA zina kikomo hiki tangu Januari 2020, katika paneli yake ya udhibiti, na unaweza kukiweka kwa gemu zote au kwa kila gemu peke yake. Kwa upande wa AMD, programu ya Adrenalin ina chaguo linaloitwa Radeon Chill, ambalo hukuruhusu kuweka kiwango cha chini na cha juu cha fremu. Kwa skrini ya hezi 60, weka 60. Kwa skrini ya hezi 144 yenye uwezo wa kubadili kasi yake kufuatana na kadi, weka 141 au chini kidogo, ili kadi isifikie upeo wa kasi ya skrini.

Kikomo hiki kina faida nyingine ambayo wachezaji wengi huisahau. Skrini za menyu, ambazo hazina kazi nzito ya kuchora, huweza kutoa mamia ya fremu kwa sekunde ikiwa hakuna kinachozizuia, na kadi ikawaka moto wakati mchezaji anachagua silaha tu. Mwaka 2010, gemu ya StarCraft II ilipotoka, kampuni ya Blizzard ililazimika kuwaeleza wachezaji namna ya kuongeza mistari ya kikomo cha fremu katika faili la mipangilio, kwa sababu menyu zake zilikuwa zikizichemsha kompyuta ambazo hazikuwa na upozaji mzuri. Aidha, ule mlio mwembamba kama wa mbu unaosikika fremu zinapokuwa nyingi mno hautoki kwenye feni hata kidogo, bali kwenye koili za kudhibiti umeme zinazotetemeka, na mara nyingi kikomo cha fremu huupunguza au kuunyamazisha kabisa. Ukiushughulikia mlio huo kwa kubadilisha feni, utakuwa umetupa fedha.

Wanaoshindana katika gemu za kufyatuliana risasi watapinga, na wana hoja, kwa sababu fremu nyingi hupunguza kidogo muda kati ya kubonyeza na kuona tokeo. Kwao nashauri kikomo kilicho juu ya kasi ya skrini, badala ya kuziacha fremu bila kikomo kabisa, na kikomo cha chini zaidi kwa gemu za hadithi, za mpira na za magari.

Hatua ya pili ni kushusha kikomo cha umeme. Katika Afterburner, kitelezi cha kikomo cha umeme husoma 100 kwa kawaida. Kishushe hadi 80 na ubonyeze alama ya kuthibitisha. RTX 3060 itatoka wati 170 na kuwa na ukomo wa wati 136. Upotevu wa fremu huwa mdogo kuliko upungufu wa umeme, kwa sababu megahezi (kipimo cha kasi ya chipu) za mwisho ambazo mtengenezaji ameziongeza ili kadi ing'ae kwenye majaribio ndizo zinazokula umeme mwingi kuliko zote. Pima tena, linganisha na ulichoandika, na uamue kama fremu zilizopotea zina thamani kwako kuliko ukimya ulioupata. Mtu ambaye hapendi kuchimba mipangilio kwa kina anaweza kuishia hapa, kisha aende kwenye sehemu ya njia ya hewa.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwa anayeweza kuvumilia, ni kushusha volti. Umeme unaotumiwa na chipu inapofanya kazi hukua kwa mraba wa volti, maana yake ni kwamba upungufu mdogo wa volti huleta upungufu mkubwa wa joto. Ukishusha kutoka volti 1.05 hadi 0.90 huku masafa, yaani kasi ya chipu, yakibaki yale yale, matumizi hayo ya chipu hupungua kwa zaidi kidogo ya robo. Hili linawezekana kwa sababu chipu hazitoki kiwandani zikiwa sawa, na mtengenezaji huweka volti ya kutosha kuibeba hata chipu iliyo dhaifu, ilhali yako huenda ikaridhika na kidogo.

Fungua Afterburner na ubonyeze Ctrl na F kwa pamoja. Utaona mchoro wenye volti chini na masafa kando, na mstari wa nukta nyingi unaopanda. Rudi kwenye dirisha kuu, shusha kitelezi cha masafa ya chipu kwa takribani megahezi 200 ili mstari wote ushuke, kisha katika mchoro tafuta nukta iliyo juu ya milivolti 900 na uivute juu hadi karibu megahezi 1,800, ikiwa kadi yako ni RTX 3060. Thibitisha, na mstari utalala tambarare kuanzia nukta hiyo kuelekea kulia, maana yake chipu haitapanda zaidi ya hapo wala kuomba volti zaidi. Kwa kadi nyingine, angalia kwanza masafa ambayo kadi hukaa wakati wa mchezo, na ulenge hayo hayo au chini kidogo kwa volti pungufu.

Sasa cheza. Usipime kwa dakika kumi na kutangaza ushindi, kwa kuwa mpangilio usio thabiti huweza kupita gemu moja bila tatizo na kuanguka katika nyingine, hasa yenye miale ya mwanga (ray tracing), yaani uchoraji unaokokotoa njia ya mwanga. Dalili zake ni gemu kufungika ghafla, skrini kuwa nyeusi kwa sekunde chache kisha kurudi, au vidoa vya rangi visivyo na maelezo. Yakitokea, kadi haijaharibika. Punguza masafa kwa megahezi 15 hadi 30, au panda nukta moja ya volti, kisha ujaribu tena. Usiruhusu programu ipakie mpangilio huo kila kompyuta inapowaka mpaka siku kadhaa za matumizi ya kawaida zimepita bila hitilafu, kwani kosa likitokea mapema utahitaji tu kuwasha upya ili kila kitu kirudi kilivyokuwa. Wenye kadi za Radeon za AMD hawana haja ya programu ya nje, kwa sababu Adrenalin ina kitelezi cha volti katika sehemu ya marekebisho, na kwa kadi nyingi ina pia chaguo la kushusha volti lenyewe kwa mbofyo mmoja, ingawa mara nyingi hushusha kwa uoga.

Mipangilio ya gemu yenyewe nayo huchangia, mradi kikomo cha fremu kiwe kimewekwa. Vivuli vya kiwango cha juu kabisa, uakisi na miale ya mwanga hula umeme mwingi kwa tofauti ambayo si rahisi kuiona mchezo unapokwenda kasi. DLSS ya NVIDIA na FSR ya AMD, ambazo huchora picha ndogo na kuikuza, huipa kadi nafuu ya kweli. Lakini bila kikomo, kadi huitumia nafuu hiyo kutengeneza fremu zaidi na joto hubaki pale pale.

Njia ya hewa na vumbi

Kuna jaribio moja rahisi ambalo hueleza mengi. Gemu ikiwa imekwisha kuchemka na vipimo vimetulia, ondoa ubavu wa kasha na uendelee kucheza kwa dakika 15. Joto la kadi likishuka kwa nyuzi tano au zaidi, kadi haina tatizo. Kasha ndilo linaloinyima hewa. Likishuka kwa uzi mmoja au miwili, kasha linatosha na tatizo, kama lipo, liko kwenye kadi au chumbani. Kuliacha kasha wazi moja kwa moja si tiba, kwani vumbi, mijusi na vidole vya watoto huingia humo.

Kasha linalonyima hewa kwa kawaida lina uso wa kioo au plastiki iliyozibwa mbele. Feni mbili za milimita 120 au 140 zikivuta hewa mbele na moja ikiitoa nyuma zinatosha kwa kadi ya wati 170, na zikizunguka taratibu hazisikiki. Nyaya zilizotapakaa mbele ya feni zifungwe nyuma ya ubao mama. Kasha lisisukumwe hadi ukutani wala kufungiwa ndani ya kabati la meza, kosa ambalo ni la kawaida sana katika vyumba vyetu vidogo, ambapo hewa ya moto inayotoka nyuma huzunguka na kuvutwa tena mbele. Pangaboi halishushi joto la hewa, lakini huitawanya ile hewa ya moto iliyojikusanya nyuma ya meza, na dirisha lililo wazi huitoa nje. Hili ni muhimu kwa sababu kompyuta inayotumia wati 300 katika chumba kilichofungwa ni sawa na pasi ndogo iliyoachwa ikiwaka jioni nzima.

Vumbi la pwani huchanganyika na unyevunyevu na kuwa tabaka zito linalonata katikati ya mapezi ya kipozajoto, na pumzi ya mdomo hailitoi. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, itoe kadi kwa kufungua skrubu zake za nyuma na kubonyeza kile kishikizo kidogo kwenye tundu lake, kisha uisafishe kwa brashi laini na blowa. Shikilia mapanga ya feni kwa kidole wakati wa kupuliza: feni inayozungushwa na upepo mkali hupita kasi iliyoundiwa na kuumiza beringi zake, na mota yake huzalisha umeme unaoweza kurudi kwenye kadi. Usitumie maji, petroli wala kitambaa chenye nyuzi. Palipoganda, tumia spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na uache ikauke kabisa. Kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, kila miezi mitatu si mara nyingi mno.

Mkunjo wa feni

Sasa ndipo feni inapostahili kuguswa. Kasi ya feni ikipungua kwa asilimia 30, kelele yake hupungua kwa takribani desibeli nane, na desibeli 10 ndizo ambazo sikio huzihesabu kuwa nusu ya sauti. Hii ndiyo malipo ya zile wati ulizozipunguza, kwani nafasi ya kupunguza kasi bila kupandisha joto sasa ipo.

Katika mipangilio ya Afterburner, fungua ukurasa wa feni na uwashe udhibiti wa mtumiaji. Mkunjo wa kuanzia unaoweza kuutumia ni asilimia 30 katika nyuzi 50, asilimia 40 katika nyuzi 60, asilimia 50 katika nyuzi 70, asilimia 70 katika nyuzi 80, na asilimia 100 katika nyuzi 87. Baada ya hapo, angalia kadi yako hukaa nyuzi ngapi wakati wa mchezo, na uulaze mkunjo uwe karibu tambarare katika eneo hilo. Sikio huzoea mvumo usiobadilika, lakini husumbuliwa na feni inayopanda na kushuka kila baada ya sekunde chache. Kwa sababu hiyo pia, weka pengo la nyuzi tatu hadi tano kabla ya feni kuruhusiwa kupungua tena. Mpangilio huo umo katika ukurasa huo huo. Kadi nyingi za sasa husimamisha feni kabisa zikiwa chini ya nyuzi 50 au 60, jambo jema wakati wa kazi za ofisi, lakini katika chumba cha nyuzi 32 kadi hukaa ukingoni mwa kiwango hicho na feni zikawaka na kuzima usiku kucha. Hapo ni heri zizunguke taratibu muda wote.

Kuifungua kadi

Ikiwa yote hayo yamefanyika na tofauti kati ya joto la chipu na la sehemu yake iliyo moto kuliko zote inapita nyuzi 25, huenda pasta ya joto kati ya chipu na kipozajoto imekauka au imesukumwa pembeni. Hali hii hupatikana sana kwenye kadi zilizotumika ambazo zilikesha zikichimba sarafu za mtandaoni kabla ya kufika sokoni. Kuibadilisha kunahitaji bisibisi sahihi, subira, na picha ya kila hatua, na kama kadi bado ina dhamana, mpelekee muuzaji kwanza. Pedi za joto zilizo juu ya kumbukumbu zisiraruliwe ovyo wala kubadilishwa kwa makadirio. Zina unene maalumu, na pedi iliyo nene kwa nusu milimita tu huinua kipozajoto kisiiguse chipu vizuri, nawe ukamaliza na joto kali kuliko uliloanza nalo.

Mlio wa kukwaruza, au wa kugonga kwa mfululizo unaobadilika ukiisogeza kadi, ni wa beringi iliyochakaa, na hakuna mkunjo utakaouponya. Mafuta ya cherehani huupa nafuu ya muda mfupi tu. Nunua feni mbadala: fungua ile iliyochakaa, soma namba ya aina iliyoandikwa kwenye lebo nyuma ya mota, hesabu pini za kiunganishi, pima umbali kati ya matundu ya skrubu na kipenyo cha mapanga, na umpe muuzaji vipimo hivyo vyote, kwa kuwa kadi mbili zenye jina moja huweza kuwa na feni tofauti kabisa.